Nauli ya Kufika Dirishani

Mhadhara uliotolewa Dar es Salaam mbele ya wanafunzi wa uuguzi na ustawi wa jamii, viongozi wa serikali za mitaa na wazazi

Mimi ni muuguzi. Kwa miaka mingi nimekaa nyuma ya dirisha dogo lenye nondo nikigawa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, kwa watu ambao mtaani mnawaita mateja. Jina hilo silitumii, na nawaomba tusilitumie humu ndani, maana baadhi yao huketi nanyi daladalani kila siku na hamwatambui.

Kwanza niwapeleke dirishani. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi foleni imeshakunja kona ya ukuta. Wapo wapiga debe wanaotaka kuwahi stendi, wapo wa vyuma chakavu na mifuko yao, yupo fundi seremala, yupo baba mtu mzima aliyevaa suruali iliyopigwa pasi. Mmoja anasogea: "Shikamoo, sista." Ananipa kadi. Namtazama usoni. Nikiona mboni zimesinyaa kama ncha ya sindano na kope zinamwangukia, najua kuna kitu kimepita usiku. Huyo simpi hapo hapo. Namwita pembeni tuzungumze, kwa sababu dozi yake ya kawaida juu ya unga, yaani heroini, inaweza kumkata pumzi. Akiwa sawa namimina dawa kwenye kikombe, naongeza maji, anakunywa mbele yangu. Kisha namwuliza: mama hajambo? Kazi ilikwendaje jana? Wageni wanaotutembelea husifu ukarimu huo. Ni ukarimu kweli, ila ni kanuni pia: aliyebakiza dawa mdomoni hawezi kujibu.

Yote hayo huchukua dakika moja au mbili. Kesho anarudi. Jumapili anarudi, Idi anarudi, Krismasi anarudi.

Sasa niieleze dawa yenyewe kwa mfano wa gari ambalo sote tumelipanda. Ubongo una viti vyake. Mwili wenyewe hutengeneza abiria wachache wa kuvikalia, ndio wanaotuliza maumivu na kutupa raha ya kawaida, ile ya kushiba au ya kumwona mtoto akicheka. Heroini, morfini, kodeini na ndugu zao wote wa jamii ya afyuni hukalia viti hivyo hivyo. Heroini inaingia kwa fujo, inajaza gari kwa mpigo mmoja, na baada ya saa nne, tano, sita imeshashuka. Viti vikibaki wazi, mwili uliokwisha kuzoea unalia. Miayo, mafua, machozi, tumbo la kuendesha, mifupa inauma kana kwamba inasagwa, usingizi hakuna. Ndiyo arosto. Mwenye arosto hatafuti starehe tena, hilo nimelisikia kwa kila mgonjwa niliyewahi kumhudumia. Anatafuta saa chache za kuwa mzima.

Methadoni inapanda taratibu asubuhi, inakaa kitini na kusafiri hadi mwisho wa njia. Baada ya saa 24 sehemu kubwa yake bado imo mwilini. Arosto haiji, na kwa kuwa viti vimeshakaliwa, unga hauna pa kukaa kama zamani. Tunaanza na miligramu 15 hadi 30, tunapandisha polepole kwa wiki kadhaa, na wengi hutulia kati ya 60 na 120. Mgonjwa aliyetulia hasinzii wala halewi. Anaweza kuranda mbao.

Kuna wanaosema tumewabadilishia kilevi tu. Nimeambiwa hivyo msikitini, nimeambiwa kanisani, na mara moja niliambiwa na daktari. Nawajibu hivi: msiniulize kilichomo mwilini, niulizeni siku yake inapita vipi. Mtu wa unga akiamka, kazi yake ya kwanza ni kutafuta pesa ya kete ya unga. Akiipata na kuivuta au kujidunga, ana saa chache, kisha anaanza upya. Mara tatu, mara nne kwa siku, mwaka mzima. Hana nafasi ya kuwa baba wala jirani. Ukimpa kikombe kimoja cha asubuhi, umemrudishia saa zote zilizobaki. Atafanya nazo nini ni mazungumzo mengine marefu, lakini sasa anazo.

Dawa hii si ngeni. Ilitengenezwa Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1930 kama dawa ya maumivu. Mwaka 1964, New York, daktari Vincent Dole na daktari Marie Nyswander walianza kuwapa waraibu wa heroini dawa hii kila siku, wakaona watu wanarudi kazini na shuleni. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005, pamoja na buprenofini. Mauritius ilianza 2006. Kwa Afrika bara kusini mwa Sahara, kliniki ya umma ya mwanzo ilifunguliwa hapa hapa Dar es Salaam, Muhimbili, Februari 2011. Mwananyamala ikafuata mwaka uliofuata, kisha Temeke, kisha Kidongo Chekundu kule Zanzibar. Kenya walianza Mathari, Nairobi, Desemba 2014, wakashuka Malindi na Mombasa. Uganda walianza Butabika mwaka 2020. Leo Mbeya, Mwanza, Dodoma, Tanga, Arusha na Bagamoyo zina madirisha yao. Nayasema haya kwa fahari, na wanafunzi mliopo hapa mjue kwamba somo hili mnaweza kulifundisha kwa wenzenu wa nchi nyingine.

Tulifikaje hapo? Pwani yetu ni njia. Unga unatoka Afghanistan, unapakiwa kwenye majahazi pwani ya Makran, unavuka bahari ile ile iliyowaleta babu zetu na tende na mazulia. Aprili 2014 manowari ya Australia iitwayo HMAS Darwin ilikamata kilo 1,032 za heroini kwenye jahazi moja mashariki ya Mombasa. Desemba 2023 Mamlaka yetu ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini, Dar es Salaam na Iringa. Mzigo unaopita hauachi kumwagika. Miaka ya 1980 na 1990 watu walivuta, wengine wakachanganya na bangi wakaita kokteli. Ulipoingia unga mweupe unaoyeyuka kwa urahisi, mabomba ya sindano yakaingia nao, na nyuma yake UKIMWI. Tafiti za hapa Dar miaka ya 2000 zilikuta karibu wanne katika kila waraibu kumi wanaojidunga wana virusi.

Katikati ya miaka hiyo watafiti waliandika jambo ambalo mpaka leo likinijia usiku silali. Walikuta wanawake hapa mjini, wengi wao wakiuza miili, ambao mmoja akishajidunga huvuta damu yake kwenye bomba na kumpa mwenzake asiye na pesa ajidunge nayo, wakiamini damu ile ina unga wa kutosha kumkinga na arosto. Soma hilo kama daktari, utaona njia ya hakika ya kupitisha virusi. Mimi nalisoma kama mwanamke, naona mtu asiye na kitu chochote duniani amemgawia dada yake alichobakiwa nacho. Watu hao ndio tuliowaita hawana utu.

Sasa nije kwenye nauli, ile ya kichwa cha mhadhara huu.

Methadoni kwetu ni bure. Mgonjwa halipi hata senti, na kila kiongozi anayesimama jukwaani hulisema hilo, na ni kweli. Lakini nauli ya daladala ya masafa mafupi ilipopandishwa Desemba 2023 kutoka shilingi 500 hadi 600, foleni yangu iliihisi. Piga hesabu nami. Kwa nauli hiyo, gari moja kwenda na moja kurudi ni shilingi 1,200 kwa siku. Kwa siku 30 ni 36,000. Anayebadilisha gari njiani anatumia 72,000. Huyu ni mtu aliyeanza wiki iliyopita kutokuiba. Hana kazi, nyumbani hawajamwamini bado kiasi cha kumtuma hata dukani na noti ya elfu mbili. Elfu na mia mbili kila siku anaitoa wapi? Wengine hutembea. Wengine huomba, na wanaowaomba hudhani ni pesa ya kete. Wengine huja siku tano, wakakosa mbili, na kila wakikosa, maskani, wanakotumia unga, ni karibu kuliko kliniki.

Nimeona jambo hili hata kabla ya kusoma ripoti yoyote: wanaoishi jirani na dirisha wanadumu. Wa mbali wanapotea, tena wanapotea wakiwa na nia.

Nitawasimulia mmoja. Kijana, fundi wa kuchomelea mageti, alikuwa nasi miezi kumi na moja bila kukosa. Asubuhi moja alifika macho mekundu, nikadhani amerudia, kumbe alilia usiku kucha. Mama yake amefariki kijijini, safari ya siku nzima kwa basi. "Sista, nipe za siku nne niweke kwenye begi." Wakati ule utaratibu wa kliniki niliyokuwa nikifanya kazi haukuruhusu mtu kuondoka na dozi. Nikamwambia haiwezekani. Hakubishana. Akanywa ya siku hiyo, akaenda kumzika mama yake.

Nyie mnaujua msiba. Mtoto wa kwanza wa kiume hawezi kuondoka siku ya pili. Alikaa matanga, siku ya tatu arosto ikampanda mbele ya wajomba zake, wakasema ni malaria, wengine wakasema ni uchungu. Alirudi Dar siku ya sita. Alikuwa anakuja kliniki, aliniambia baadaye, na alikuwa anakuja kweli; ila basi lilifika usiku, dirisha limefungwa, na kutetemeka hakungoji asubuhi. Tulimpata tena baada ya miezi minne. Ilibidi aanze upya kwa dozi ndogo, kwa sababu mwili uliokaa siku kadhaa bila dawa umesahau, na dozi ya zamani ingemuua.

Nilifuata kanuni. Kanuni hiyo ilikuwa na sababu: dozi ya methadoni ya mtu mzima inaweza kuua mtoto aliyeikuta kabatini, na ipo hatari ya kuuzwa mtaani. Lakini Shirika la Afya Duniani tangu mwongozo wake wa mwaka 2009 limekubali wagonjwa waliotulia wapewe dozi za kwenda nazo nyumbani. Sanduku dogo lenye kufuli, chupa yenye jina, mafunzo ya nusu saa kwa mgonjwa na mtu mmoja wa familia: ndivyo vinavyohitajika. Mwenye mwaka mzima wa uaminifu dirishani apewe angalau za mwisho wa wiki, na za msiba. Hasa za msiba. Tiba inayomlazimisha mtu achague kati ya dozi na kaburi la mama yake haikutungwa na mtu wa kwetu.

Ufaransa walipita njia nyingine. Katikati ya miaka ya 1990 waliwaruhusu madaktari wa kawaida, wale wa zahanati za mitaani, kuandika buprenofini, na famasia ya jirani kuitoa. Buprenofini hukalia kiti kwa nguvu lakini haiwashi gari lote, kwa hiyo ni vigumu zaidi mtu kufa kwa kuizidisha peke yake. Kati ya 1995 na 1999 vifo vya kuzidisha dozi nchini humo vilipungua kwa asilimia 79. Marekani, ambako dawa za maumivu za hospitalini ndizo zilizofungua mlango, zaidi ya watu 100,000 walikufa kwa kuzidisha dozi kila mwaka kuanzia 2021 hadi 2023. Pamoja na vifo vyote hivyo, mpaka mwisho wa 2022 daktari wa kule alihitaji kibali maalumu kuandika buprenofini, ingawa morfini aliiandika bila kibali hicho. Taifa tajiri lilikawia, nasi tusikawie kwa sababu zile zile. Kituo cha afya cha kata kinachogawa dawa za UKIMWI na kifua kikuu kinaweza kufundishwa kugawa na hii.

Na kifua kikuu nimekitaja makusudi. Wanafunzi, andikeni hili. Mgonjwa wa methadoni akianzishiwa rifampisini, dawa ya kifua kikuu, kwenye kliniki nyingine, ini lake linaanza kuiondoa methadoni haraka. Baada ya wiki moja au mbili atakuja kwako anatetemeka, atasema, "Sista, dozi haikai." Usimwambie ni mwongo anayetafuta kuongezewa. Mwulize ameanza dawa gani, kisha apandishwe dozi. Na akimaliza rifampisini, ishushwe. Kwa dawa za UKIMWI, efavirenzi nayo ina tabia hiyo, dolutegraviri haina. Nimeona watu wakiacha dawa za kifua kikuu ili kuokoa dozi yao, kwa kuwa hakuna aliyewaeleza. Dawa zote zingekaa kwenye dirisha moja, muuguzi mmoja angeliona hilo.

Sasa nizungumzie wanawake. Kwenye foleni ya watu mia moja huhesabu wanawake kwa vidole. Maskani wapo wengi kuliko hao. Wanafanya kazi usiku na dirisha ni la asubuhi. Pesa wanayoipata inashikwa na mwanamume anayewanunulia unga, na mwanamume huyo hataki wapone. Wana watoto, na wanaogopa wakijiandikisha watoto watachukuliwa. Wengine ni wajawazito na wamesikia kwamba methadoni inadhuru mimba. Kinachodhuru zaidi ni arosto inayokuja na kuondoka. Mjamzito asikatishwe dozi ghafla, na akijifungua anaweza kunyonyesha. Mtoto anaweza kuzaliwa na dalili za arosto, naye hutibiwa hospitalini, anapona. Mkunga asiyejua haya atamfukuza mama huyo kwa tusi moja tu.

Kwa wazazi nina neno kuhusu kumfungia mtoto ndani. Najua mapenzi yaliyomo kwenye kufuli hilo. Mnamfungia wiki mbili, arosto inakwisha, anakula, ananenepa, mnashukuru Mungu. Lakini mwili wake sasa umesahau unga. Siku atakayoteleza, atatumia kiasi kile alichokizoea zamani, na kiasi hicho sasa ni cha kuua. Ndiyo hatari ile ile ya wanaotoka gerezani, wiki za mwanzo, na ndiyo maana kliniki za ndani ya magereza, kama ya Shimo la Tewa kule Mombasa na ya Segerea hapa, zinaokoa hata wale watakaotoka. Nyumba za upataji nafuu zimefanya kazi kubwa, Zanzibar tangu 2009, zikiongozwa na watu waliopitia uraibu wenyewe. Naziheshimu. Ninachoomba ni kwamba zisimkatae anayekunywa methadoni. Nyumba hizo na kliniki zetu si wake wenza.

Mtu akizidisha dozi, midomo inageuka rangi, anakoroma vibaya, kisha kimya. Watu humwagia maji, humnywesha maziwa, humpiga makofi. Anahitaji pumzi ya mtu mwingine na naloksoni. Naloksoni ndiyo konda anayewashusha abiria wote mara moja. Ndani ya dakika chache mtu anavuta pumzi. Lakini konda huyo anakaa dakika 30 hadi 90 tu, na walioshushwa wanaweza kupanda tena, kwa hiyo apelekwe hospitali hata akisimama na kusema yuko sawa. Tangu 2014 Shirika la Afya Duniani limependekeza naloksoni iwafikie wale wanaoweza kuwapo mtu anapozidisha: wenzake, familia, waelimishaji rika. Kwetu mara nyingi imefungiwa kwenye kabati la hospitali, na watu hawafii kabatini. Wanafia maskani, na vyooni, na kwenye majengo yasiyomalizika.

Fedha nitaisema kwa ufupi, maana inauma. Sehemu kubwa ya huduma hizi katika nchi zetu ilibebwa kwa miaka mingi na misaada, hasa ya Marekani kupitia mpango wake wa UKIMWI. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada ya nje, kila anayeshughulika na wagonjwa hawa katika ukanda wetu alijua maana yake. Mgonjwa wa presha akikosa dawa siku mbili huenda asihisi kitu. Wa methadoni anahisi kesho yake. Halmashauri iweke fungu lake, hata dogo, na lianze na nauli na waelimishaji rika, kwa sababu vitu hivyo viwili ndivyo vya kwanza kukatwa kila bajeti inapopungua.

Wenyeviti wa mitaa, kwenu nina ombi dogo. Vijana wangu hukamatwa kwenye misako wakiwa njiani kuja kunywa dawa, wamevaa nguo za kazi ya vyuma chakavu, na siku tatu za mahabusu ni siku tatu bila dozi. Mkiitwa kituoni kumtambua, na ana kadi ya kliniki, semeni ana kadi ya kliniki. Ombeni aletwe anywe, hata akiwa na pingu. Nimewahi kumpa mtu dawa akiwa na pingu; alikunywa vizuri tu.

Jumatatu iliyopita alikuja dada mmoja, mtoto mgongoni, dirisha nimeshalifunga na vitabu nimeshajumlisha. Vumbi lilikuwa limempanda mpaka magotini. Nikamwuliza amekuja na gari gani, akatazama viatu vyake. Nilifungua kabati, nikaandika upya ukurasa wa siku ile, nikammiminia. Akanywa. Nikamwuliza mtoto anaitwa nani, akanitajia.